Mafuta ya damu kwa mwenye ugonjwa wa sukari: yanatoka wapi?



Katika likizo kubwa iliyopita nilimusindikiza mama yangu ku laboratwari. Mama yuko na ugonjwa wa sukari tangu miaka sita. Yeye si mutu munene. Wanaomujua ku soko wanamuita «mukonde». Mwanzo wa mwaka munganga alikuwa amemuambia kwamba mafuta ya damu yake yamepanda, basi yeye akaacha mawese. Kabisa. Miezi mitano kwetu sombe ilipikwa bila tone moja la mawese, na ninyi munaokula sombe munajua maana ya neno hilo. Wadogo zangu walinung'unika. Baba hakusema kitu, lakini alianza kuchelewa kurudi saa ya chakula. Mama hakugeuka.

Siku ile alifika bila kula tangu jana yake saa moja ya jioni, ginsi walivyomuagiza. Mutumishi wa laboratwari akatoa damu, akaitia ndani ya kichupa chembamba, akaizungusha mu mashini. Seli za damu zikashuka chini, juu yake yakabaki maji ya damu. Tulijifunza mu kalasi kwamba maji hayo ni ya njano na mwanga unapita ndani yake. Ya mama yalikuwa meupe-meupe, kama maji yenye tumeoshea muchele. Mama akatazama muda murefu, akauliza: «Sasa hii mafuta inatoka wapi? Miye sikulaka mawese tangu mwezi wa pili!»

Yule mutumishi akajibu kwa upole: «Mama, haiko ile ulikulaka. Ni maini yako yenyewe yenye kuitengeneza.»

Jibu hilo lilinikamata. Nikiwa mwanafunzi wa biokimia nilifikiri ninajua maneno ya sukari na mafuta, kumbe nilijua nusu. Nilisoma, nikamusumbua mwalimu wetu wa kemia, tena nikauliza munganga wa mama. Ninaandika hapa yale niliyoyapata, maana ninajua kwamba mu nyumba nyingi zetu kuna baba, nyanya ao shangazi mwenye sukari, na nyumba nzima inapigana na bido la mawese peke yake.

Tuanzie ku kemia. Kile tunachokiita mafuta kila siku, iwe mawese ao mafuta ya ngombe, ni trigliseridi: gliseroli moja iliyoshikana na asidi tatu za mafuta. Wale waliotengeneza sabuni mu laboratwari ya shule wanakumbuka: ukitia soda kali ndani ya mawese, ule mufungo unavunjika, gliseroli inabaki pembeni na asidi zinageuka kuwa sabuni. Trigliseridi ni akiba ya nguvu. Kolesteroli ni kitu kingine kabisa. Mwili hauiunguzi kusudi upate nguvu. Unaitumia kujenga kuta za seli, homoni fulani na nyongo. Tena sehemu kubwa ya kolesteroli tuliyo nayo inatengenezwa na mwili wenyewe. Mawese hayana kolesteroli, kwa sababu mimea haina kolesteroli ya kuhesabika. (Hapo nilipoteza franka mbili elfu kwa rafiki wa kitanda changu cha juu. Nililipa.)

Sasa, damu ni maji, na mafuta hayapatani na maji. Mawese ya Fizi yakipanda Bukavu hayamwangwi mu kamio hivi hivi. Yanatiwa kwanza ndani ya mabido. Damu nayo iko na mabido yake, yanaitwa lipoproteini. Bido kubwa linalotoka ku maini likijaa trigliseridi linaitwa VLDL. Likizunguka na kushusha mizigo yake ku misuli na ku ghala za mafuta, linapunguka, na mwisho linabaki bido dogo lililojaa kolesteroli: ndiyo LDL. Halafu kuna HDL, kadogo sana, inayopita kuokota kolesteroli iliyozidi na kuirudisha ku maini. Watu wanasema kolesteroli nzuri na kolesteroli mbaya. Kolesteroli ni moja. Mabido ndiyo yanayoachana, na njia yanayofuata.

Na insulini inaingia wapi? Sisi wote tunajua kwamba inafungulia sukari mulango wa seli. Lakini hiyo ni kazi yake moja tu. Insulini inafunga pia ghala la mafuta. Ukishakula, insulini inapanda, na chembe za mafuta chini ya ngozi na mu tumbo zinapata amri: musitoe, sasa ni wakati wa kuweka. Inaambia tena maini yasiharakishe kujaza mabido ya VLDL. Na ku kuta za mishipa midogo inaamsha enzimu moja, lipoproteini lipazi, ambayo kazi yake ni kushusha mizigo ya mabido yanayopita.

Kwa mwenye sukari ya aina ya pili insulini ipo, lakini mwili umekuwa kiziwi kwake. Na miaka ikipita insulini yenyewe inapunguka. Basi amri zote tatu zinalegea pamoja. Ghala linabaki wazi usiku na muchana, asidi za mafuta zinamwangika ndani ya damu na kukimbilia ku maini. Maini yanazipokea, yanazifunga tena kuwa trigliseridi na kuzituma nje mu mabido mengi. Ku mwisho wa njia, wenye kushusha mizigo wanafanya kazi polepole. Mabido yanasongamana mu damu. Ndiyo ile rangi ya maji ya muchele.

Hapo kuna neno moja lililonishangaza kuliko yote. Maini hayangoji paka mafuta yanayotoka ku ghala. Sukari ikizidi, yanachukua glukozi, yanaikata na kuijenga upya kuwa asidi ya mafuta. Na asidi ya kwanza wanayoitengeneza iko na kaboni 16, inaitwa asidi palmitiki. Jina hilo linatoka ku muchikichi! Ni asidi ile ile inayojaza karibu asilimia 44 ya asidi za mafuta mu mawese. Kwa hiyo mutu anaweza kufukuza mawese ku jikoni, na maini yake yakakamua mawese mengine kutoka ku fufu.

Na mama yangu ndivyo alivyofanya bila kujua. Kwa sababu chakula kisicho na mawese hakikumushibisha, aliongeza fufu. Jioni alikunywa maji ya marakuja, maana mutu fulani ku soko alimuambia kwamba marakuja ni dawa, lakini marakuja ni chungu, basi alitia sukari «kidogo». Tena, na hilo alinificha mpaka siku ile ku laboratwari, vidonge vyake vya metformini alivimeza siku moja na kuacha siku moja, kusudi vimalize mwezi mbili. Alikuwa analipa minerval zetu, sisi watatu. Sitaandika zaidi juu ya hapo.

Karatasi yake ya kwanza ilisema hivi, kwa miligramu katika desilita moja: glukozi 246, kolesteroli yote 228, HDL 34, trigliseridi 520. Pahali pa LDL palikuwa patupu. Nilizania wamesahau. Hapana. Laboratwari nyingi hazipimi LDL yenyewe. Zinaipata kwa hesabu ambayo William Friedewald na wenzake Robert Levy na Donald Fredrickson waliitoa mwaka 1972. Unachukua kolesteroli yote, unatoa HDL, kisha unatoa trigliseridi iliyogawanywa kwa 5. Ile 5 inatoka ku fikira kwamba ndani ya VLDL kuna kadiri ya sehemu tano za trigliseridi kwa sehemu moja ya kolesteroli. Lakini mafuta yakipita 400, fikira hiyo haisimami tena, na mutu mwenye akili ku laboratwari anaacha nafasi tupu kuliko kuandika uongo. Angalisho: karatasi nyingine zinaandika gramu kwa lita. Hapo 228 inakuwa 2,28. Nimeona mutu akifurahi kwamba kolesteroli yake imeshuka toka 228 mpaka 2!

Kuna hesabu nyingine nyepesi ambayo haiogopi trigliseridi: toa HDL peke yake ku kolesteroli yote. Kwa mama, 228 kutoa 34, inabaki 194. Hiyo ni kolesteroli yote inayosafiri mu mabido yenye kudhuru mishipa. Kwa wenye sukari namba hiyo inaaminika sana, na sababu yake ndiyo hii. VLDL zikisongamana, zinabadilishana mizigo na majirani: zinawapa LDL na HDL trigliseridi, zinapokea kolesteroli. Kisha maini yanakamua zile trigliseridi, na LDL inabaki ndogo na nzito. HDL nayo inapunguka na kutoka upesi mu damu. Kwa hiyo haya matatu yanatembea pamoja kama ndugu: trigliseridi juu, HDL chini, LDL ndogo-ndogo nyingi. Ukipima kolesteroli iliyo ndani ya LDL unaweza kukuta namba ya kawaida, kumbe mabido yenyewe ni mengi kuliko unavyofikiri, kila moja na muzigo mudogo. Na kila bido linaweza kuingia mu ukuta wa mushipa.

Wale wanaosoma bila kupenda hesabu wanauliza: hata kama damu iko nyeupe, inauma nini? Haiumi. Ndiyo ubaya wake. Sukari ikipanda sana mutu anasikia kiu, anakojoa mara nyingi, anakonda. Mafuta ya damu hayana kiu wala kikohozi. LDL inaingia polepole mu ukuta wa mushipa, inabaki pale, seli nyeupe zinakuja kuimeza na kufa zikiwa zimejaa, ukuta unanenepa kwa ndani. Miaka 10, miaka 15, hakuna neno. Kisha siku moja ukuta unapasuka, damu inaganda pale, na kama mushipa ni wa moyo, moyo unakosa hewa. Kama ni wa kichwa, mutu anaanguka na upande mumoja unakufa. Mu mitaa yetu watu wanasema amerogwa, na ndugu wanaanza kutazamana vibaya.

Mu mji wa Framingham, Marekani, waganga walianza mwaka 1948 kufuata maelfu ya watu wa mji ule, mwaka kwa mwaka. Katika 1979 William Kannel na Daniel McGee waliandika yale yaliyoonekana kwa miaka 20: wenye sukari walipata magonjwa ya moyo na mishipa mara mbili mpaka tatu kuliko wengine, na kwa wanawake tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Kwa kawaida mwanamuke kabla ya kukoma kwenda mwezini anapatwa na ugonjwa wa moyo kwa nadra kuliko mwanaume. Sukari inamunyanganya sehemu kubwa ya faida hiyo. Nilipolisoma nilimufikiria mama, nikafunga kitabu.

Dawa ziko. Katika miaka ya 1970 Mujapani Akira Endo alipima maelfu ya kuvu na vijidudu vingine, akitafuta kinachozuia seli kutengeneza kolesteroli, akakipata ndani ya kuvu moja inayoitwa Penicillium citrinum, ndugu ya ile iliyotupa penisilini. Toka hapo zikazaliwa statini. Ya kwanza, lovastatini, iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Statini ikipunguza kolesteroli ndani ya maini, maini yanatoa mikono mingi zaidi ya kukamata LDL mu damu. Je, inasaidia mwenye sukari ambaye moyo wake haujagonjwa bado? Utafiti wa CARDS, uliofanyika Uingereza na Ireland, ulijibu mwaka 2004. Watu 2838 wenye sukari ya aina ya pili waligawanywa: wamoja atorvastatini ya miligramu 10 kila siku, wengine kidonge kitupu. Utafiti ulisimamishwa karibu miaka miwili mbele ya wakati, maana jibu lilikuwa wazi: shida kubwa za moyo na mishipa zilipunguka kwa asilimia 37. Na watu hao hawakuchaguliwa kwa kuwa LDL yao ilikuwa juu sana.

Nilizania kwamba dawa ya kushusha trigliseridi peke yake ingefaa vilevile. Si hivyo. Mu utafiti wa ACCORD, mwaka 2010, watu 5518 wenye sukari walimeza simvastatini. Nusu yao wakaongezewa fenofibrate. Kwa ujumla waliongezewa hawakuokoka kuliko wengine. Kwa hiyo waganga wanashika LDL kwanza. Isipokuwa trigliseridi zikipanda sana, kupita 500 na zaidi kupita 1000: hapo pankreasi inaweza kuvimba kwa gafula, maumivu makali ya tumbo mpaka ku mugongo, na hiyo ni safari ya hospitali usiku ule ule. Mama alikuwa na 520. Ndiyo maana munganga hakumupa kwanza dawa ya mafuta; alimuambia meza metformini kila siku bila kuruka, acha marakuja yenye sukari, punguza fufu kwa nusu, kisha rudi tuone.

Statini ziko na maneno yake. Mwanamuke mwenye mimba, ao anayeitafuta, anapashwa kumuambia munganga mbele. Misuli ikiuma mwili mzima bila sababu, ao mikojo ikiwa nyeusi, rudi haraka. Zinaweza kupandisha sukari kidogo pia. Lakini faida inapita hasara hiyo. Na si dawa ya kumeza wiki mbili kama ya malaria.

Juu ya chakula nitapita upesi, maana kila mutu anajidai munganga hapo. Mawese hayana hatia yote na hayana haki yote: karibu nusu ya asidi zake ni zile nzito zinazofanya maini yaache LDL mingi mu damu. Kuyapunguza ni vizuri. Kuyaacha na kujaza sahani fufu mara mbili ni bure. Sukre na pombe, hata kasiksi, zinapandisha trigliseridi upesi. Maharagi, lengalenga, samaki isiyokaangwa mu mafuta mengi, na kutembea kwa miguu, maana musuli unaofanya kazi unashusha mabido yake wenyewe. Tumbako inaharibu ukuta wa mushipa hata kama namba ni nzuri. Na ninyi dada zetu munaonunua ku soko vidonge vya kunenepa: ndani ya vingi kuna deksametazone. Dawa hiyo inapandisha sukari na mafuta ya damu, na mutu akiiacha kwa gafula kiisha kuizoea anaweza kuanguka. Sikuandika hili kwa kumuchekelea mutu.

Karatasi ya pili ya mama ilitoka kiisha miezi ine ya vidonge bila kuruka. Glukozi 148, kolesteroli yote 209, HDL 36, trigliseridi 265. Maji ya damu yalikuwa na ukungu kidogo, lakini njano ilionekana. Safari hii pahali pa LDL paliandikwa. Mama hakuamini, akanipa kalamu mbele ya watu wote waliokuwa kwenye benchi: «Hesabu.» 265 kwa 5 ni 53. 209 kutoa 36, kutoa 53, ni 120. «Hesabu tena.» Ilikuwa 120 tena. Kwa mutu asiye na sukari wengine wangesema inatosha. Kwa mwenye sukari wa miaka 51 wanaitaka chini ya 100, na kwa wengi chini ya 70. Munganga akamuandikia atorvastatini, kidonge kimoja kwa siku, na baba akasema mbele yetu wote kwamba pesa ya vidonge itatoka kwanza, minerval itafuata.

Mawese yalirudi mu sombe, kijiko kimoja kilichopimwa kwa sufuria nzima. Baba anarudi saa ya chakula. Karatasi ya tatu itatoka mwezi wa tatu, na mama amekwisha kuniandikia nirudi na kalamu.